Kurejea kwa Nchi Kavu: Uhakiki wa Marejeo katika Nathari ya Kiswahili

Mabaharia wa pwani wana methali isemayo kwamba mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Ni methali yenye faraja, lakini ni faraja ya chomboni. Yachukulia kwamba chombo ni kimoja na ngama iko pale pale, na kwamba aliyetoka hana pengine pa kwenda ila kurudi alikotoka. Mtu arejeaye kwa nchi kavu baada ya miaka mingi hana ahadi hiyo. Njia yake hukatwa na mipaka, na kila mpaka una mlinzi wake na swali lake. Tena afikapo katika vitongoji vya Dar es Salaam, Temeke akiwa amekuja kwa reli ya kusini, au Kinondoni akiwa ameshuka katika basi la kaskazini, aweza kukuta kwamba nyumba ipo, na mlango upo, ila kitasa kimebadilishwa.

Makusudi ya makala hii ni kupima jinsi nathari ya Kiswahili ilivyoyashughulikia marejeo ya namna hiyo. Itaonekana kwamba waandishi wetu ni wakarimu sana katika kueleza kwenda, na wabahili mno katika kueleza kurudi. Ubahili huo una sababu zake, na sababu nyingine ni za haki. Lakini una hasara pia, na hasara yake si ya sanaa peke yake.

Inafaa kuanza na maneno. Kiswahili kina jozi ya kale ya mgeni na mwenyeji, ambayo haikutungwa na sheria bali na desturi. Mgeni si mtu wa taifa jingine. Ni mtu ambaye hajajulikana. Ndiyo maana methali humpa siku mbili tu za kulishwa, na siku ya tatu hukabidhiwa jembe: akilishika jembe, ameanza kujulikana. Mwenyeji naye ni mwenye mji, yaani mtu ambaye watu wa mahali wanaweza kumtaja yeye, na mama yake, na kisima alichochotea maji. Juu ya jozi hii sheria imeweka maneno mengine mawili, raia na mkaazi. Neno raia limetokana na Kiarabu, na lilikuwa na maana ya mtu aliye chini ya mtawala kabla halijapata maana ya mwananchi mwenye haki. Neno mkaazi ni letu wenyewe, limetokana na kitenzi kukaa, pamoja na ndugu zake makao, makazi, na kikao.

Hapo ndipo penye kitendawili. Sheria zimelichukua neno hilo na kulifanya kuwa hadhi. Zanzibar, kwa sheria ya mwaka 2005, iliandikisha Mzanzibari Mkaazi. Idara ya Uhamiaji hutoa kibali cha ukaazi kwa madaraja yake. Na Watanzania walio ng'ambo husema juu ya ukaazi wa kudumu walioupata huko. Sasa mtu akiwa amepewa ukaazi wa kudumu, kisha akaondoka akakaa kwingine miaka kumi, huyo ni mkaazi gani asiyekaa? Marekani imelijibu swali hilo kwa kalenda: mkaazi wa kudumu aliyekusudia kuwa nje mwaka mmoja au zaidi hutakiwa apate kibali cha kurejea kabla hajaondoka, na asipokuwa nacho huulizwa mpakani kama kweli hakuuacha ukaazi wake. Desturi ya pwani ingelijibu kwa njia nyingine. Ingeuliza: ni nani hapa anayemjua? Majibu haya mawili, la kalenda na la ushahidi wa watu, ndiyo mizani ya uhakiki huu.

Matini ya kwanza ya kupimwa ni Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip. Habari hizo, alizozisema mwenyewe, zilichapishwa kwanza na Heinrich Brode katika miaka ya 1902 na 1903, zikatolewa tena na W. H. Whiteley mwaka 1958 na 1959 kama nyongeza ya jarida la Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki. Safari yake ya tatu ya bara ilichukua kama miaka kumi na miwili, na alirudi Unguja mwaka 1882. Msomaji wa leo angetazamia kwamba mtu aliyekosekana muda huo angekuwa na mengi ya kusema juu ya kuiona pwani tena. Lakini hali si hivyo. Marejeo hupita kwa ufundi ule ule wa kitenzi chenye -ka-, ambao ndio uti wa mgongo wa masimulizi haya: wakaondoka, wakalala, wakafika. Kiambishi hiki huzipanga siku kama shanga katika uzi, kila moja sawa na mwenziwe, na siku ya kufika nyumbani haipewi ushanga mkubwa kuliko siku ya kuvuka mto.

Ingekuwa makosa kuliita jambo hilo upungufu wa ufundi. Tippu Tip hakuwa na shaka ya kupokewa. Alikuwa na pembe za ndovu, alikuwa na deni kwa Taria Topan, na alikuwa akitafutwa na Seyyid Barghash. Mtu mwenye bidhaa na mwenye deni hujulikana upesi kuliko mwenye machozi. Mdai wake ndiye shahidi wake. Kwa hiyo lango la nchi halikumsimamisha, na kwa kuwa halikumsimamisha, nathari yake nayo haikusimama hapo. Kanuni inayojitokeza ni kwamba masimulizi hukaa pale ambapo msimuliaji amezuiwa, na hupita upesi pale alipopitishwa.

Lakini kanuni hiyo ina upande wa pili ambao msomaji asiusahau. Msafara ule ule ulikuwa na wapagazi, na mateka waliotolewa kwao bila ya hiari. Kwa hao, kufika pwani hakukuwa kurudi. Kulikuwa ndiyo mwisho wa kurudi. Maisha hayawapi nafasi ya kusema neno, na ile -ka- inayomfikisha bwana nyumbani kwa wepesi ndiyo iliyowapeleka hao mbali kwa wepesi uo huo. Kila wasifu wa matini haya hauna budi kulitaja hilo, maana wepesi wa lugha si jambo lisilo na dhamana.

Mfano wa pili ni wa mtu ambaye kitabu chake kilirudi na mwenyewe hakurudi. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mzaliwa wa jirani na Bagamoyo, alikwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili, na Desturi za Wasuaheli, iliyohaririwa na Carl Velten, ikatoka mwaka 1903. Mwaka uliofuata alimwoa mwanamke wa Kijerumani. Mwaka 1905 alitaka kurejea pwani pamoja na mkewe, na serikali ya koloni haikukubali mke huyo ashuke. Mtoro hakuwa tayari kumwacha. Wakageuka pamoja, na yeye akafia Berlin mwaka 1927. Huo ulikuwa mlango wa bahari, si wa nchi kavu, lakini swali lake ni lile lile. Mtu aliyezaliwa hapa, mwenye ndugu hapa, mwenye elimu ya desturi za hapa kuliko wale waliomzuia, alifanywa mgeni na karatasi.

Kwa nuru ya jambo hilo Desturi husomeka kwa namna nyingine. Aghalabu kitabu hiki hutumiwa kama ghala la habari za harusi, jando, misafara na mazishi, na wasomaji hulalamika kwamba mwandishi hajionyeshi. Lakini angalia jinsi anavyozieleza adabu za kuingia: nani huanza kusalimu, nani huketi wapi, chakula hupelekwa kwa nani kwanza. Ni maelezo ya mtu ayajuaye yote hayo kwa moyo, akiyaandika katika mji ambao hakuna awezaye kuyathibitisha. Hakuna sura ya marejeo katika kitabu hicho. Ila waweza kusema kwamba kitabu chote ni marejeo. Ukaazi aliokuwa nao Mtoro ni ukaazi wa maneno, na huo hakuna serikali iliyoweza kuufuta.

Mfano wa tatu ni Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1951. Hapa, kwa mara ya kwanza katika nathari iliyochaguliwa, lango limewekwa mahali pake. Nchi ya Kusadikika, iliyoko angani, iliwatuma wajumbe sita katika pande zake sita, na kila mmoja alirejea na jambo la manufaa alilolipata huko. Kila mmoja alifungwa. Karama, anaposimama mbele ya baraza kujitetea, hufanya utetezi wake kwa kusimulia marejeo hayo moja moja. Shaaban Robert alitambua jambo ambalo Tippu Tip hakuwa na haja ya kulitambua: kwamba kosa la mrejeaji si kuondoka, wala si kukawia, bali ni kurudi na neno jipya mdomoni. Nchi haina hofu na aliyepotea. Ina hofu na aliyeona.

Hata hivyo, hapa pana dosari. Njia za kwendea zimejaa mashaka na maajabu, na msomaji huyaona. Kurudi hukunjwa. Mjumbe hutokea barazani, husema, hufungwa. Hakuna anayemuuliza mjumbe aliyekosekana miaka kwamba mama yake bado yu hai, wala hapana mtoto anayemtazama asimjue. Ni kweli kwamba Kusadikika ni istiara, na istiara haidaiwi vumbi la barabarani. Lakini gharama yake ni hii: wajumbe wanarudi kwa serikali, hawarudi kwa watu. Baraza ya mfalme imechukua mahali pa baraza ya nyumba.

Mpinzani aweza kusema kwamba hivi ndivyo hadithi zote zilivyo. Shujaa akishafika nyumbani, hadithi imekwisha, na kilichobaki ni raha mustarehe. Jibu la hoja hiyo lipo katika fasihi ya kale kabisa ya Ulaya. Odisea ya Homer ina vitabu 24, na Odysseus hufikishwa Ithaca katika kitabu cha 13. Karibu nusu ya utenzi huo, basi, ni kazi ya mtu aliyekwisha kufika. Mbwa wake humjua, yaya humjua kwa kovu la mguuni, na mkewe hamkubali mpaka amemjaribu kwa habari ya kitanda. Homer alifahamu kwamba kufika na kupokewa ni mambo mawili, na kwamba baina ya mambo hayo mna hadithi kubwa kuliko ya mawimbi.

Kama ndivyo, ni wapi katika nchi hii ambapo hadithi hiyo ingepata makao? Jibu si Bandari ya Salama iliyoupa mji jina, wala si mitaa ya katikati. Ni vitongoji. Baada ya Vita Kuu ya Pili serikali ya kikoloni ilipanua makazi ya Waafrika kupita Kariakoo na Ilala, na Magomeni, Temeke na Kinondoni zikakua. Wakati huo huo, katika miaka ya 1940, ilijipatia sheria ya kuwaondoa mjini watu iliowaita wasiotakiwa na kuwarudisha makwao. Neno kurudisha hapa lataka kuangaliwa. Mtu aliyezaliwa au kukulia mjini alirudishwa mahali ambapo hakutoka, kisha akarudi mahali ambapo hakuruhusiwa. Baada ya Uhuru jambo hilo halikwisha. Mwaka 1983, katika kampeni ya Nguvu Kazi, watu wasiokuwa na uthibitisho wa kazi walikamatwa Dar es Salaam na kupelekwa vijijini, na wengi wao walirejea mjini. Hao walikuwa raia kamili, na mpaka walioupita haukuwa wa nchi, bali wa mji. Lakini walijifunza elimu yote ya mpakani: kuingia usiku, kutaja jina la mtaa bila kusita, kuwa na jirani wa kusema, huyu ni wetu.

Tena ndiko njia za nchi kavu zinakokoma. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kwa msaada wa China kuanzia mwaka 1970 na kukabidhiwa 1976, huanzia Kapiri Mposhi katika Zambia, hupita mpakani Tunduma, na baada ya kilometa 1,860 humaliza safari jirani na Temeke, penye njia panda ya barabara ya Pugu, ambayo sasa yaitwa Barabara ya Nyerere. Mabasi ya kaskazini, yale yaliyopitia Namanga na Holili, yalishusha watu Ubungo, iliyokuwa sehemu ya Wilaya ya Kinondoni kabla Ubungo haijafanywa wilaya yake, mpaka kituo kikubwa kilipohamia Mbezi Luis mwaka 2021. Kwa hiyo mwandishi atakaye kuandika marejeo hana haja ya kubuni lango. Lango lipo, lina wachukuzi wake, wauza maji wake, na madereva wanaomwita kila ashukaye kwa jina la ujamaa: kaka, dada, mzee, mama. Mrejeaji wa miaka ishirini huitwa kaka kabla hajaitwa kwa jina lake, na hajui kama hiyo ni karibu au ni biashara.

Kutoka hapo mpaka mlangoni mna jaribio la pili. Nyumba ya Kiswahili ya Temeke au ya Kinondoni ina baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba sita vya pande mbili, na uwa nyuma. Aliyeondoka akiwa mtoto wa mwenye nyumba aweza kurejea akamkuta mpangaji ameketi barazani, na mpangaji ndiye amwambiaye karibu. Hodi yake ni hodi ya mwenyeji kwa mgeni, na karibu aipewayo ni karibu ya mgeni kwa mwenyeji. Lugha haina salamu ya hali hiyo. Bibi wa uani akiwa hai, jambo huisha kwa maneno machache: "Shikamoo, bibi." "Marahaba, mwanangu. Wewe si wa fulani? Sauti ni ya baba yako." Sauti hiyo ndiyo kovu la Odysseus. Lakini bibi akiwa amefariki, mrejeaji hupelekwa kwa karatasi. Tangu miaka ya 1960 mjumbe wa nyumba kumi ndiye aliyekuwa mlango kati ya ushahidi wa watu na ushahidi wa serikali. Barua yake ilikuwa ni kauli ya majirani iliyopigwa muhuri. Baadaye kazi hiyo ikawa ya serikali ya mtaa. Hapana riwaya bora kuliko ile iliyomo ndani ya barua ya namna hiyo, ambamo mtu huandikwa kwa mistari mitatu kwamba anajulikana.

Riwaya iliyolikaribia jambo hili kwa Kiswahili imekuja kwa njia ya tafsiri. Peponi, ambayo ni Paradise ya Abdulrazak Gurnah ya mwaka 1994, ilitafsiriwa na Ida Hadjivayanis na kutolewa mwaka 2022, mwaka mmoja baada ya mtunzi kupewa Tuzo ya Nobeli. Mtunzi mwenyewe aliondoka Zanzibar akiwa kijana katika miaka ya 1960, na hakuweza kurudi hata mwaka 1984. Msafara wa Peponi huenda bara kwa madaha na hurejea umevunjika. Yusuf, aliyewekwa rehani kwa deni la baba yake, hurejea pwani pamoja nao, lakini pwani hiyo si kwao; nyumba arejeayo ni ya mwenye kumshika. Hapa kanuni iliyopatikana kwa Tippu Tip imegeuzwa. Huko deni lilikuwa shahidi wa mwenyeji; hapa deni ndilo linalomfanya kijana asiwe mwenyeji popote. Na msomaji wa Kiswahili, akiisoma habari hiyo kwa lugha ambayo watu wa habari wangeisema, huona kwamba nathari yake imerudi nyumbani kwa njia ya mbali, ikiwa imepita Kiingereza kama mtu apitavyo nchi ya watu. Hilo nalo ni marejeo, na halikuhitaji kibali.

Sasa yaweza kusemwa kwa nini jambo hili si la wahakiki peke yao. Kwa Sheria ya Uraia ya mwaka 1995, Mtanzania mtu mzima aliyechukua uraia wa nchi nyingine alikoma kuwa raia. Mzaliwa wa Temeke aliyepata pasi ya kigeni, arejeapo kwa Tunduma, husimama katika safu ya wageni, na pengine aliye mbele yake ni mgeni wa kweli ajaye mara ya kwanza. Katika miaka ya karibuni mjadala wa watu hawa umelileta neno hadhi maalumu. Ni neno la heshima, ila ni neno la ofisini. Halina mama wala kisima. Ukilitafuta neno la kawaida kwa mtu huyu hulioni. Si mgeni, kwa maana bibi amemjua kwa sauti. Si raia, kwa maana sheria imemtoa. Si mkaazi, kwa maana hakukaa. Mrejeaji ni neno linalofaa kwa safari, lakini safari ikiisha nalo huisha.

Sheria haiwezi kulaumiwa kwa kukosa neno ambalo fasihi haijalitoa. Wanasheria huokota maneno yaliyopo, na katika jambo hili waandishi wamewaachia machache. Tippu Tip alipita langoni asilione. Mtoro alizuiwa langoni akanyamaza, akaandika desturi. Shaaban Robert alilijenga lango akalijaza mahakimu, akawasahau majirani. Kila mmoja ana udhuru wake, na kila mmoja ameacha kitu cha kujengea: wa kwanza mwendo wa kitenzi, wa pili adabu za kuingia, wa tatu ushujaa wa kusema mbele ya baraza. Kinachosubiriwa ni nathari itakayoiweka ile -ka- chini kwa muda, penye stesheni ya Temeke au penye baraza ya Kinondoni, ikamwacha mtu asimame na mzigo wake, akipiga hodi nyumbani kwao. Asimame kiasi cha kusikia hodi yake mwenyewe, na kiasi cha msomaji kushika shaka ya nani atakayeitikia.

Mwenda tezi na omo amekwisha kurudi ngamani mara nyingi katika vitabu vyetu. Mwenda kwa miguu, kwa basi na kwa gari la moshi bado yuko mlangoni, na wenye mji hawajamwandikia karibu.